Kishiriki na Ushirika: Juu ya Uhuru na Sifa ya Chuo Kidogo

Katika makala haya tunakusudia kulichunguza swali moja ambalo huulizwa mara kwa mara katika baraza za Shinyanga, hasa na wazazi ambao watoto wao wamemaliza kidato cha sita na wanatafuta mahali pa kwenda. Swali lenyewe ni hili: je, Kizumbi ni chuo kikuu au ni tawi tu? Tumelisikia ofisini, tumelisikia ndani ya basi la Kahama, na siku moja tumelisikia hata msibani, wakati watu wakingojea maiti itolewe nje. Muulizaji kwa kawaida hataki kujua kinachofundishwa hapo. Anataka kujua jina litakaloandikwa juu ya cheti.

Kwa faida ya msomaji aliye mbali, Kizumbi iko kando ya mji wa Shinyanga, na hapo pana tawi la Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi. Chuo hicho kilianza Moshi mwaka 1963 kikiitwa Chuo cha Ushirika, na kazi yake ilikuwa kuwafundisha makarani, wahasibu, wakaguzi na viongozi wa vyama vya wakulima. Mwaka 2004 kilifanywa chuo kikuu kishiriki chini ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kilichoko Morogoro. Mwaka 2014 kikapata hati yake chenyewe na kuwa chuo kikuu kamili. Kwa hiyo kwa miaka 10 chuo cha Moshi kilikuwa mtoto wa Morogoro, na leo Kizumbi ni mtoto wa Moshi. Hapo ndipo penye ile aibu ndogo ambayo wenyeji hawaitaji lakini huionyesha kwa swali lao.

Sisi hatukufika chuo kikuu. Elimu yetu ni ya sekondari, na maisha yetu tumeyatumia katika ofisi za serikali mchana na katika utunzi wa mashairi usiku. Huenda mtu akasema kwamba hatuna haki ya kuvihakiki vyuo. Tunamjibu kwamba mtunzi wa mashairi ana haki ya kuyahakiki maneno, nasi tutaanzia kwenye maneno.

Neno "kishiriki" linatokana na "shiriki", na "shiriki" ni ndugu wa damu wa "ushirika", "shirika" na "mshirika". Wenye elimu ya dini wanajua pia neno "shirki", ambalo ni dhambi ya kumwekea Mungu mwenziwe. Nalo linatukumbusha kwamba katika ukoo huu wa maneno kuna maana nzito ya kugawana enzi, wala si maana ya kuwa mdogo. Anayeshiriki ana fungu lake. Aliye mshirika ana sauti yake. Lakini masikio ya wananchi yameligeuza neno "kishiriki" likawa na maana ya nusu, ya chuo ambacho hakijaiva. Basi tazama kinyume kilichopo: chuo ambacho kazi yake yote ni kuwafundisha wakulima kwamba ushirika ni nguvu, ndicho ambacho jamaa zake huona haya kikiitwa kishiriki!

Hata hivyo hatutaki kulipaka neno hilo mafuta kupita kiasi. Katika chama cha ushirika kila mwanachama ana kura moja, awe na ekari mbili au ekari hamsini. Chuo ambacho hakina kauli juu ya mitihani yake, juu ya walimu wake wala juu ya kile kinachochapishwa kwa jina lake, hicho hakishiriki chochote, hata kikiitwa kishiriki katika barua zote. Na chuo chenye hati kamili, yenye muhuri, kinaweza kuwa katika hali hiyo hiyo. Kwa sababu hiyo twaona kwamba hati si kipimo cha kutosha, na hatuna budi kutafuta kingine.

Tutazame mfano wa chuo kikubwa kuliko vyote nchini, ambacho zamani kilikuwa kidogo kuliko Kizumbi ya leo. Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam kilifunguliwa Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, katika jengo la TANU lililoko Mtaa wa Lumumba. Kilikuwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, na wanafunzi wasiozidi 15. Digrii zake zilikuwa za Chuo Kikuu cha London. Makerere nayo, ambayo ilianza mwaka 1922 kama shule ya ufundi, ilikuwa imepita njia hiyo hiyo ya London tangu mwaka 1949. Mwaka 1963 vyuo vya Makerere, Nairobi na Dar es Salaam viliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na mwaka 1970 kila kimoja kikashika njia yake. Kwa hesabu ya hati, basi, Dar es Salaam ilikuwa mtoto wa mtu kwa karibu miaka tisa.

Lakini sifa yake ilijengwa lini? Ebrahim Hussein alitoa tamthilia ya Kinjeketile mwaka 1969, naye alikuwa zao la chuo hicho wakati kikiwa bado kishiriki. Mabishano juu ya ujamaa, juu ya ukoloni mamboleo na juu ya wajibu wa msomi yalikuwa yamepamba moto Mlimani kabla ya hati. Walter Rodney alifundisha historia hapo, na kitabu chake juu ya namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika kilipotoka mwaka 1972, watu wa nchi za mbali walianza kuuliza Dar es Salaam iko wapi. Hakuna aliyeuliza digrii za hapo zinatolewa kwa jina la nani. Wanafunzi nao walikuwa na jarida lao lililoitwa Cheche, na humo mwaka 1970 Issa Shivji, kijana aliyetoka kusoma sheria, aliandika juu ya mapambano ya matabaka yaliyokuwa yakiendelea kimya kimya chini ya jina la ujamaa. Jarida hilo lilipigwa marufuku mwaka ule ule wa 1970. Msomaji na auzingatie mwaka huo. Ndio mwaka ambao chuo kilipata uhuru wake kwa sheria, na ndio mwaka ambao sauti mojawapo kali kuliko zote za chuo ilizimwa.

Hatusemi hayo kwa kuwalaumu waliokwisha kupita. Vijana wale nao walikuwa na makosa yao. Miaka minne nyuma, Oktoba 1966, wanafunzi karibu 400 walirudishwa makwao na Mwalimu Nyerere kwa kuandamana kuyapinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na wananchi wengi vijijini waliona kwamba walistahili, kwani mkulima anayelipia masomo ya kijana kwa jasho lake hapendi kusikia kijana huyo akilalamikia kipato chake. Tunalolitaka msomaji alione ni kwamba uhuru wa chuo na hati ya chuo si kitu kimoja. Vinaweza kupishana njiani, kimoja kikienda na kingine kikirudi.

Na kuna mfano mwingine ulio karibu zaidi na sisi watunzi. Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, mtoto wa ziwa letu hili hili, alitoa diwani ya Kichomi mwaka 1974, nayo haikufuata vina wala mizani. Wakubwa wetu katika utunzi walikasirika. Walisema kwamba wasomi wa chuo kikuu wanaivunja nyumba ambayo hawakuijenga. Sisi tulirithi hasira hiyo, na mpaka leo tunatunga kwa vina, hatukubadilika. Lakini twakiri kwamba ubishi ule ulikifanya chuo kujulikana kwa watu ambao hawakupata kuona lango lake. Chuo kilikuwa kimesema jambo lake lenyewe, na kilikuwa tayari kuchukiwa kwa sababu ya jambo hilo.

Tumelitaja neno "mizani", na kwa mtu wa Shinyanga neno hilo lina maana nyingine kabla ya ile ya shairi. Ushirika wa pamba katika Usukuma ulizaliwa kwa sababu ya mizani. Mkulima alilima, akapalilia, akachuma, akatenga pamba safi na fifi, akabeba mzigo mpaka kwa mnunuzi, na huko mizani ya mnunuzi ikampunja. Malalamiko hayo ndiyo yaliyowakusanya wakulima baada ya vita vya pili vya dunia, na akina Paul Bomani wakasimama kuwaongoza. Mwaka 1955 vyama vyao vikaungana katika chama kikuu cha Victoria Federation, ambacho baada ya miaka michache tu kilihesabiwa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika katika Afrika nzima. Kilijenga vinu vyake vya kuchambulia pamba. Watu ambao serikali ya kikoloni iliwaona kuwa hawawezi kutunza daftari, walitunza madaftari ya fedha nyingi kuliko ambazo karani wa bwana shauri alipata kuziona.

Kisha ushirika nao ukawa na mizani yake, na mizani hiyo nayo ikaanza kunung'unikiwa. Kufikia mwaka 1966 serikali iliunda tume maalumu ya kuchunguza vyama vya ushirika, na tume ikakuta uongozi mbaya, wizi, na wanachama wasiojua haki zao. Mwaka 1976 vyama vikuu vikafutwa kabisa. Sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha, na kwetu Shinyanga kikaja chama cha SHIRECU. Miaka ya 1990 biashara ya pamba ikafunguliwa kwa wanunuzi binafsi, na mkulima akajikuta tena mbele ya mizani ya mtu mwingine, kama baba yake.

Hii ni historia ya maisha ya watu wengi mno, nayo ina kila kitu ambacho mwanachuo anaweza kukitamani: ushindi, usaliti, sheria, fedha, na nyimbo. Na hapa ndipo uhakiki wetu unapofikia jambo lenyewe. Chuo cha Ushirika kinawafundisha watu watakaoshika mizani hiyo. Kinaishi kwa serikali na kwa jina la ushirika. Je, kinaweza kumpima anayekilisha? Kinaweza kuchukua chama kimoja, kikapitia madaftari yake, kikaandika kwa Kiswahili kinachosomeka, kwamba hapa fedha zilipotea, kwa njia hii, na wanachama hawakuona kwa sababu hii? Mwaka 1966 chuo kilikuwa na umri wa miaka mitatu, na ilibidi Rais aunde tume. Chuo cha leo chenye madaktari na maprofesa hakina haja ya kungojea tume. Siku kitakapoiandika habari ya namna hiyo, na habari hiyo ikajadiliwa katika mikutano ya vyama vya msingi, hakuna mtu atakayeuliza tena kama Kizumbi ni tawi.

Tukivuka kutoka Shinyanga kwenda magharibi, hadi Geita, tunakuta upungufu huo huo kwa sura nyingine. Mwaka 1958 wananchi wa Geita walilikataa baraza la mseto ambalo wakoloni walitaka kuwawekea, ambamo Waafrika, Wazungu na Waasia wangekaa pamoja ingawa wilaya nzima ilikuwa ya wakulima Waafrika. Walikusanyika, wakapinga, wakaandamana mpaka Mwanza. Ni ukurasa wa fahari katika kupigania Uhuru. Mwalimu wa historia anayetaka kuusoma kwa kirefu atapelekwa kwenye kitabu cha Mmarekani, Andrew Maguire, kilichochapishwa na Cambridge mwaka 1969. Ni kitabu kizuri, hatuna ubishi nacho. Vivyo hivyo sheria na mila za Wasukuma zilikusanywa na Hans Cory, mtumishi wa serikali ya kikoloni, mwaka 1953. Na mkusanyiko mkubwa wa nyimbo zetu za kazi ni wa Frank Gunderson, Mmarekani mwingine, uliotoka mwaka 2010. Sisi tunaoimba tumo ndani ya vitabu hivyo. Kwenye jalada hatumo.

Dhahabu nayo ina elimu yake. Mgodi wa zamani wa Geita ulianza miaka ya 1930 na kufungwa mwaka 1966. Mgodi mkubwa wa sasa ulifunguliwa mwaka 2000. Katikati na pembeni ya hiyo migodi wako wachimbaji wadogo, ambao mgawanyo wao wa mawe baina ya mwenye leseni, mwenye duara, wachimbaji na mwenye karasha ni aina ya ushirika isiyo na katiba ya maandishi, lakini inayo taratibu, makosa na adhabu zake. Nani ameuandika ushirika huo kwa namna ambayo mchimbaji mwenyewe angesema, ndiyo, ndivyo tulivyo? Serikali ilipofungua soko la dhahabu mjini Geita mwaka 2019, ilimpa mchimbaji mahali pa kupima mali yake kwa mizani inayosimamiwa. Hilo ni jambo jema. Kupima mgawanyo uliotangulia soko, kule shimoni, ni kazi ya chuo. Tena tutahadhari: chuo kinachoishi katika nchi ya dhahabu na almasi kitaletewa zawadi nyingi, majengo na ufadhili, na zawadi haina ubaya mpaka siku ile anayeitoa atakapotaka kusoma ripoti kabla haijachapishwa.

Kuhusu sifa, Wasukuma hawakungoja vyuo ili wajue namna ya kuipima. Kila mwaka baada ya mavuno, ngoma za Bagika na Bagalu hushindana. Makundi mawili yanacheza uwanja mmoja, wakati mmoja, kila moja upande wake. Hakuna mwamuzi mwenye filimbi anayetangaza mshindi kwa cheo chake. Watu wenyewe huamua kwa miguu: wanakokwenda wengi, huko ndiko ushindi. Kwa hiyo mchezaji atafanya kila awezalo, hata kucheza na chatu, ili umati usigeuke kwenda upande wa pili. Na ningi, yaani mtunzi na kiongozi wa nyimbo, itambidi atunge wimbo mpya ambao watu hawajausikia, wenye habari za kweli za msimu ule, zikiwemo habari zinazowauma wakubwa. Ningi anayerudia wimbo wa mwaka jana huachwa akiimba na wenzake tu. Dawa zipo, waganga wapo, na kila kundi hudai kuwa na asili bora, hili kwa Ngika na lile kwa Gumha. Asili husaidia kuwavuta watu asubuhi. Haiwezi kuwazuia wasiondoke mchana.

Vyuo vyetu vidogo vya kanda hii, na si Kizumbi peke yake, tunaviona vikijivunia asili: mama ni nani, hati ni ya mwaka gani, digrii ni ngapi. Wimbo mpya hatujausikia sana. Pengine upo, lakini umefungiwa katika ripoti za Kiingereza zinazokaa maktabani, na mtu anayeimbiwa haruhusiwi kuusikia. Mwalimu alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 alizilaumu shule zilizomtenga mwanafunzi na jamii iliyomlea. Wengi wamelichukua neno lile kwa maana ya shamba la shule na banda la kuku. Kwa chuo kikuu, twaona, maana yake ilikuwa ngumu zaidi: kujitegemea katika kufikiri, na kuwapelekea wenyewe kile kilichofikiriwa.

Shinyanga inao ushahidi kwamba jambo hilo linawezekana. Mwaka 1986, wakati ardhi ya mkoa ilipokuwa imekwisha kuwa jangwa kwa kukatwa miti, ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga. Wataalamu walioleta miche yao walikuta kwamba wafugaji wanayo desturi ya ngitili, ya kutenga malisho wakati wa masika ili mifugo ipate majani wakati wa kiangazi. Waliiheshimu desturi hiyo, wakajenga juu yake, na miti ikarudi. Leo neno la Kisukuma, ngitili, linasomwa katika vitabu vya misitu vya mataifa mengine. Halikuhitaji hati.

Tumalizie na jambo tuliloliona wenyewe. Miaka michache iliyopita, tukiwa katika shughuli za ofisi, tulifika kwenye chama cha msingi kimoja siku ambayo mwanafunzi wa chuo fulani alikuwa amekuja na karatasi za maswali. Alikuwa kijana mpole, mwenye adabu. Alimwamkia mzee aliyekuwa karani wa mizani wa chama hicho zamani, akaketi, akaanza kusoma maswali yaliyotafsiriwa kutoka Kiingereza: je, unaridhika sana, unaridhika kiasi, au huridhiki na huduma za chama? Mzee alijibu yote. Karatasi zilipokwisha aliuliza, "Mwanangu, hayo majibu utayaleta tuyasome?" Kijana alisema yatakwenda kwa msimamizi wake. Mzee akaitikia, akanyamaza kidogo, kisha akamwambia kwamba nyumbani kwake ana sanduku la bati lenye madaftari ya mizani tangu msimu wa 1968, uzito wa kila mkulima na fedha aliyolipwa, kwa mkono wake mwenyewe. Kijana aliangalia saa, kwani gari la chuo lilikuwa likimngojea barabarani. Alishukuru, akaondoka. Sisi tulibaki, tukaomba kuyaona. Wino umefifia katika kurasa chache za mwanzo, lakini zinasomeka. Na katika msimu mmoja mzee ameandika pembeni, kwa kalamu nyekundu, "mizani imekataa," na chini yake tarehe tatu mfululizo ambazo hazina mapokezi yoyote ya pamba.